TUSIUZE MIGUU YETU



Katika mkutano wa tawi uliopita ililetwa hoja moja iliyopigiwa makofi mengi. Hoja yenyewe ni hii: kwa kuwa mapatano mapya na matajiri yanakaribia, Chama kidai malipo ya kusimama. Kila mwanachama anayefanya kazi kwa miguu yake, awe keshia wa dukani, mwokaji mikate, mfungaji wa mizigo ghalani au askari wa mlangoni, aongezewe kitu kidogo kila mwisho wa mwezi kwa sababu miguu inamwuma.

Sisi tunaoandika ukurasa huu tulikuwapo, na baadhi yetu tulipiga makofi pia. Lakini tuliporudi nyumbani na kuvua viatu tulifikiri tena. Sasa twasema wazi, bila kumwonea haya mtu, kwamba hoja hiyo haifai. Kitu cha kudai ni kiti. Tutaeleza kwa nini, na tunaomba kila ndugu asome mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Kwanza yafaa tujue maumivu haya yanatoka wapi. Wengi wetu tumezoea kusema, "Ni uzee," au "Ni baridi," au "Mwili wangu ni dhaifu." Lakini kijana wa miaka 22 aliyeanza kazi ya kaunta juzi naye anachechemea saa kumi na mbili jioni. Huyo ana uzee gani?

Damu hushuka miguuni kwa urahisi. Kurudi juu ndiko kuna kazi, kwa maana inapanda mlima. Ndani ya mishipa inayoirudisha mna vilango vidogo vinavyofunguka kuelekea juu tu. Mtu anapotembea, mashavu ya miguu hukaza na kulegea, yakaikamua mishipa hiyo na kuipandisha damu, kama mtu anayepiga pampu ya kisima. Mtu akisimama pale pale bila kutembea, pampu imelala. Madaktari wamelipima jambo hili. Mtu mzima akisimama kimya, presha ndani ya mishipa ya wayo inayorudisha damu hufika kiasi cha milimita 90 za zebaki. Akitembea hushuka chini ya 30. Basi fikirini keshia anayesimama saa nane au tisa mbele ya mashine yake, hatua zake ni mbili kushoto na mbili kulia.

Damu ikikaa chini, maji yake huvuja na kuingia katika nyama. Ndiyo maana jioni viatu vinabana, soksi inaacha alama kama kamba, na ukibonyeza kwa kidole gumba karibu na kifundo cha mguu shimo linabaki. Misuli nayo, kwa kuwa imekaza mchana kutwa ili mtu asianguke, haipati nafasi ya kulegea na kupata damu mpya. Chini ya wayo kuna mshipi mgumu unaotoka kisigino mpaka vidole. Mshipi huu ukikanyagishwa saruji kila siku huumia, na dalili yake ni kisigino kuuma mtu anapokanyaga hatua ya kwanza asubuhi.

Hayo ni ya siku moja. Ya miaka mingi ni mabaya zaidi. Vile vilango huchoka visifunge sawasawa, mishipa huvimba na kujikunja kama nyoka chini ya ngozi, ngozi ya karibu na kifundo hugeuka nyeusi na kuwasha, na mwisho hutokea kidonda kisichopona upesi. Huko Denmark wafanyi kazi walifuatiliwa kwa miaka 12, na wale waliosimama au kutembea sehemu kubwa ya wakati wa kazi walionekana kulazwa hospitali kwa ugonjwa wa mishipa hii zaidi ya wenzao. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Miguu yetu ndilo gogo, na kila zamu ni shoka.

Tena tusisahau kwamba wengi wetu tunafika kazini miguu imekwisha choka. Wanaotoka Mukuru au Kibera kwenda Industrial Area wanatembea asubuhi na wanatembea jioni, kwa sababu nauli ya kila siku ingekula posho ya watoto. Kutembea peke yake si kubaya, maana pampu inafanya kazi. Ubaya ni kutembea mbali, kisha kusimama saa tisa, kisha kutembea tena, bila dakika kumi za kuweka matako chini.

Sasa turudi kwenye hoja ya malipo. Sisi tunaipinga kwa sababu nne.

Sababu ya kwanza, fedha hairudishi mshipa uliokwisha haribika. Mwanachama atapokea nyongeza yake kwa miaka kumi, na mwaka wa kumi na moja atakwenda hospitali na mguu wenye kidonda. Hapo atahesabu alichopokea na alichopoteza, na hesabu haitakuwa sawa.

Sababu ya pili, kitu kikitiwa bei huwa kimeuzwa. Leo mtu akilalamika kwamba anasimamishwa mno, tajiri anaona haya kidogo. Siku atakapoanza kulipa, haya itakwisha. Atasema, "Nimekwisha kulipia miguu yako, simama." Tutakuwa tumempa hati ya kutusimamisha daima, na hati hiyo tumeitia sahihi wenyewe.

Sababu ya tatu, tunajua fedha hiyo itakwenda wapi. Itakwenda duka la dawa. Wako wenzetu ambao kila jioni hununua vidonge viwili vya maumivu, huvimeza, na kesho wanasimama tena. Dawa za namna ya diclofenac na ibuprofen zinasaidia kweli kwa siku chache, lakini zikimezwa siku zote bila daktari huweza kutoboa tumbo, kuharibu mafigo na kupandisha presha. Mtu wa namna hiyo analipa ili aweze kufanya kazi, na tajiri hajui wala hajali.

Sababu ya nne ndiyo kubwa. Kiti tunachotaka kukiacha ili tupate fedha ni haki yetu tayari. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, katika kifungu cha 94, inasema kwamba mwenye mahali pa kazi atawawekea wafanyi kazi wote wanaofanya kazi wakiwa wamesimama mahali pa kuketi panapotosha, ili wapate kupumzika kila nafasi inapotokea katika kazi yao. Tena inasema kwamba kama sehemu kubwa ya kazi yaweza kufanywa sawasawa mtu akiwa ameketi, basi apewe kiti kinachomfaa yeye na kazi yake, na pa kuwekea miguu ikiwa miguu yake haifiki chini vizuri. Sheria hii si ya viwanda peke yake. Inahusu kila mahali ambapo watu wanafanya kazi, duka na ghala pia. Ndugu, nani anauza kwa bei rahisi kitu ambacho sheria imekwisha kumpa bure?

Hapa tunajua mtatuuliza: ikiwa sheria ipo tangu 2007, viti viko wapi? Swali ni la haki, na jibu lake linatuuma sisi wenyewe. Viti haviko kwa sababu hatukuvidai. Tumedai mishahara, tumedai likizo, tumedai nyumba, na tulifanya vema. Lakini miguu tuliiona ni jambo la mtu binafsi, la kukandwa na mke au mume nyumbani kwa maji ya moto. Mwaka uliopita mwanachama mmoja, mama wa watoto watatu, aligeuza kreti la soda akaliketi nyuma ya mashine ya hesabu wakati hapakuwa na mnunuzi hata mmoja. Alipewa barua ya onyo. Barua ilisema ameonyesha uvivu mbele ya wateja. Wenzake wote waliiona barua hiyo, na siku iliyofuata hakuna aliyeketi. Hakuna hata aliyeandika kwa Chama. Sisi tuliijua habari hii baada ya miezi minne, kwa kuambiwa njiani.

Na tuitazame sababu aliyotoa meneja, maana ndiyo sababu wanayotoa wote: eti mteja akimwona keshia ameketi atadhani ni mvivu. Karani wa benki huketi akihesabu fedha za watu, na hatujamsikia mteja aliyefunga hesabu yake kwa ajili hiyo. Wateja wetu ni akina nani? Ni wafanyi kazi kama sisi, nao wana miguu. Anayemtaka keshia asimame ni yule anayetembea na funguo mfukoni, ambaye ofisini kwake kuna kiti chenye magurudumu.

Wala vita hivi hatukuvianza sisi. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1899 kwamba dukani pawe na kiti kimoja kwa kila wanawake watatu walioajiriwa. Mwaka 1964 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba Nambari 120 juu ya afya katika biashara na maofisi, nao unasema wafanyi kazi wapewe viti vya kutosha na vinavyofaa, na wapewe nafasi ya kuvitumia. Tena karibu na siku zetu, katika jimbo la Kerala huko India, wanawake wa maduka ya nguo walikuwa wamekatazwa kuketi zamu nzima. Waliungana, wakaandamana miaka mingi, na mwaka 2018 sheria ya jimbo ikabadilishwa wakapata haki ya kuketi. Mwaka 2021 jimbo jirani la Tamil Nadu likafuata. Wanawake wale walianza bila sheria wakaipata. Sisi tunayo sheria, tumeikalia kimya.

Lakini kiti kisieleweke vibaya. Hatusemi mtu akae kutwa kama mzigo. Fundi wa cherehani anayeketi toka asubuhi mpaka jioni naye miguu humvimba na mgongo humwuma. Kinachoharibu mwili ni kukaa namna moja. Tunachotaka ni mtu aweze kusimama, kuketi na kutembea kidogo kwa zamu, kadiri kazi inavyoruhusu. Mahali ambapo kazi haiwezi kufanywa kwa kuketi, kama mbele ya tanuri la mikate, tunataka kiti kando cha kupumzikia, zulia la mpira au mbao juu ya saruji, na wenzetu wapokezane nafasi ili asiwe mtu mmoja anayesimama pale pale siku zote.

Wakati Chama kinadai, kila mmoja aweza kujisaidia mwenyewe kwa mambo haya ambayo hayagharimu fedha nyingi.

1. Usisimame kama nguzo. Kila dakika chache inuka juu ya vidole vya miguu na ushuke, mara kumi au ishirini. Unapiga pampu, na hakuna meneja atakayekuona nyuma ya kaunta.

2. Weka kisanduku kifupi chini, upandishe mguu mmoja juu yake, kisha ubadilishe. Mgongo pia utashukuru.

3. Angalia viatu. Nunua jioni wakati miguu imevimba, ili visibane kazini. Kisigino kiwe cha chini kidogo, soli iwe nene, vidole vipate nafasi. Kiatu cha mitumba kilichokwisha pinda upande mmoja kimeshika umbo la mguu wa mtu mwingine, kiache hapo hapo. Wanaovaa gambuti watie soli laini ndani.

4. Ukifika nyumbani lala chali, weka miguu juu ya mito au ukutani, ipite kifua, kwa robo saa. Damu itarudi yenyewe. Kwa kisigino kinachouma, viringisha chupa chini ya wayo na unyoshe shavu la mguu kabla hujatoka kitandani.

5. Kunywa maji. Wengine hawanywi kwa kuogopa kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Hilo nalo ni jambo la kulileta Chamani.

6. Soksi za kubana husaidia wengi wenye mishipa iliyovimba, lakini mwenye ugonjwa wa sukari au damu isiyofika vizuri miguuni amwulize daktari kwanza.

Tena si kila mguu unaouma unaumwa na kazi. Hapa tunawasihi msidharau. Mguu mmoja ukivimba peke yake, shavu likawa la moto na kuuma, huenda damu imeganda ndani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na kama pumzi inakata au kifua kinauma, nenda saa hiyo hiyo, kwa maana damu hiyo huweza kupanda mpaka mapafuni na kuua. Miguu ikiwaka moto usiku au kufa ganzi, pimwa sukari. Mguu unaouma kila unapotembea mwendo fulani na kuacha unaposimama ni dalili kwamba damu haifiki vizuri, na wavuta sigara ndio wa kwanza kuangalia. Maumivu yanayoshuka toka kiunoni nyuma ya paja mpaka chini hutoka katika neva ya mgongo. Kidole kikubwa kikivimba ghafula usiku na kuwa chekundu, hilo huenda ni jongo. Miguu yote miwili ikivimba na huwezi kulala chali kwa kukosa pumzi, moyo au mafigo yaangaliwe. Na mama mjamzito anayevimba huku kichwa kinamwuma sana au macho yanaona ukungu asingoje zamu iishe, aende kliniki mara moja.

Mtu asiogope kupoteza kazi kwa kwenda hospitali. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akiwa na cheti cha daktari. Chukua cheti na umpelekee tajiri habari mapema.

Sasa, ndugu, nini cha kufanya? Tunaleta shauri hili mbele ya tawi.

Kwanza, kila mwakilishi wa wafanyi kazi ahesabu katika mahali pake nafasi zote zinazofanywa kwa kusimama, na aandike ni ngapi zingeweza kufanywa kwa kuketi. Hesabu hiyo ije ofisini kabla ya mkutano ujao. Tukienda mbele ya matajiri bila hesabu tutachekwa.

Pili, mahali penye watu 20 au zaidi, sheria hiyo ya 2007 inataka pawe na kamati ya usalama na afya, wafanyi kazi wakiwamo. Kama ipo, jambo la viti liletwe na liandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Kama haipo, tajiri aulizwe kwa barua kwa nini haipo.

Tatu, tajiri akikataa, Chama kimwandikie mkaguzi wa serikali wa usalama na afya kazini. Na wanachama wajue kwamba sheria hiyo hiyo inamkataza mwajiri kumfukuza mtu au kumtesa kwa sababu tu alilalamika juu ya jambo analoona ni hatari kwa afya yake. Kwa hivyo yule mama wa kreti la soda aje ofisini na barua yake ya onyo. Tutaitaka iondolewe katika faili lake.

Nne, katika mapatano mapya kiwekwe kifungu cha viti, cha zulia na cha dakika za kupumzika, kwa maneno yanayosomeka na mtoto wa shule. Mshahara tutaudai pia, na tutaudai kwa nguvu, lakini uje kama mshahara, kwa ajili ya kazi yetu. Usije kwa jina la fidia ya miguu.

Tunajua wako watakaosema kwamba kiti ni jambo dogo na fedha ni jambo kubwa. Tunawaomba watazame wazee wetu waliostaafu kutoka kazi hizi hizi, jinsi wanavyopanda gari wakiushika mguu kwa mikono miwili. Wale walikuwa na nguvu kuliko sisi. Fedha waliyopata imekwisha, na miguu ndiyo waliyobaki nayo.

Anayepinga maneno yetu na aje mkutanoni aseme, tutamsikiliza. Aje ameketi. Viti vya mkutano ni vyetu wenyewe, na viko vya kutosha.

Umoja ni nguvu.